Peugeot 504 na Probox kwa barabara za Malindi

Uliza Malindi gari lipi ni bora, Peugeot 504 au Toyota Probox. Mzee mwenye Peugeot 504 atakukumbusha mashindano ya Safari Rally ya 1975 na 1978, ambayo yote mawili 504 ilishinda. Kijana wa Probox atakujibu kwamba spea zake anazipata leo hii mjini. Wote wana hoja, ila mmoja anasifu muundo na mwingine anasifu upatikanaji.

Kwa muundo, 504 ya steshenwagoni bado iko mbele. Nyuma ina springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana ikijaa watu safu tatu kwenda Marafa haikai chini. Probox huvutwa na magurudumu ya mbele, na mpira unaofunika jointi ya CV, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Badilisha mpira na grisi mapema. Ukishasikia ta-ta-ta ukikata kona, hiyo jointi imekwenda.

Kinachoziua 504 nyingi ni joto. Feni yake haizunguki wakati wote. Hushikwa na sumaku ya umeme, na umeme huo hupitia brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha, feni haishiki. Njia ya Mambrui hutagundua kitu kwa sababu upepo unapoza rejeta. Ukikwama foleni sokoni, sindano ya joto inapanda na hedi ya alumini, kile kifuniko cha juu cha injini, inapinda. Fundi asiyeijua atabadilisha gasketi ya hedi, mwezi ukiisha arudie tena. Aanze na brashi, kisha swichi ya joto iliyo kwenye rejeta.

Injini ikichakaa, layini za 504, yaani kuta za ndani za silinda, huchomolewa zikawekwa mpya na pistoni zake bila kuchonga bloku. Ya Probox, 1NZ, ina bloku ya alumini yenye layini nyembamba zisizochomoka, kwa hiyo watu hununua injini iliyotumika Japani. Bora kuitunza: oili lita 3.7 pamoja na filta, na ipimwe kwa kijiti chake kila wiki.

Halafu chumvi ya bahari. Kwenye Probox hula nyaya za ethi, zile zinazorudisha umeme kwenye betri, sensa zikatoa taarifa za uongo, na mwenye gari akanunua sensa asizohitaji. Fungua ethi ya betri na ya bodi, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, kisha paka vaselini. Chini ya gari oshea maji matamu, si ya kisima cha karibu na pwani.

Kwenye 504 chumvi hula bodi, na hapo ndipo mimi hugeuka upande wa kijana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mlango au bawa (bati la juu ya gurudumu) la 504 hutoka kwenye 504 nyingine iliyokufa. Kwa kazi ya kila siku, chukua Probox. Kama moyo wako uko kwa 504, nunua bodi, injini itatengenezeka: inua kapeti upande wa dereva, sukuma bisibisi kwenye sakafu. Ikipenya, liache gari hilo hata kama injini inanguruma vizuri.