Wao Humcheka Darasani, Sisi Humcheka Langoni

Bibi ninayemhudumia hapa Dallas, Marekani, ana miaka 81 na anapenda filamu za kuchekesha, hasa zile ambazo watoto wake hawataki azitazame. Jumamosi jioni, nikimkanda miguu kwa mafuta kama kawaida, aliweka Strangers with Candy, filamu iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2006, iliyotokana na tamthilia ya televisheni ya mwaka 1999 na 2000. Mhusika wake mkuu, Jerri Blank, ni mwanamke wa miaka 46 aliyetoroka nyumbani akiwa msichana, akazama katika ulevi na dawa za kulevya, akafungwa jela, kisha akarudi kwao na kumkuta baba yake amelala bila fahamu. Baada ya kuzungumza na daktari, Jerri anaamini huenda mzee akazinduka ikiwa yeye ataendelea na maisha pale alipoyaachia, na kwa hiyo anarudi shule ya sekondari, mwaka wa kwanza, na kuketi na watoto.

Bibi alicheka hadi akakohoa. Mimi nilibaki nimeshika kisigino chake, hasira imenipanda, nisijue ninamkasirikia nani.

Filamu yenyewe haina adabu na siitetei. Inavikejeli vipindi vya televisheni vya zamani ambavyo watoto wa Marekani walionyeshwa wakitoka shule, kila kimoja kikifungwa kwa funzo, na Jerri kila anapofundishwa jambo jema analielewa kinyume. Ni mwongo, ana tamaa, mdomo wake mchafu, na kwa hayo yote anachekwa anavyostahili. Lakini jela ametoka na umri umekwenda, na bado hakuna aliyemfungia lango. Amepewa kiti, amepewa kitabu, na mashindano ya sayansi ya shule anashiriki kama wenzake. Mzaha wote umejengwa juu ya kiti hicho, na hicho ndicho nilichonyimwa mimi.

Niliacha shule kwetu Malaba, Uganda, kwenye mpaka na Kenya, nikiwa kidato cha pili, mwaka 2004, karo ilipotushinda. Serikali ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, ilianza na waliokuwa wakiingia kidato cha kwanza tu, kwa hiyo haikunihusu, lakini mama alikuwa ameweka akiba kutokana na chai na chapati alizowauzia madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka. Nilikuwa na miaka 19 na mtoto wa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu alitupokea amesimama, hakutukaribisha kuketi, akamwambia mama, mbele yangu, kwamba mimi sasa ni mama wa mtu na nitamharibia wasichana wake. Tulipotoka, wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja walikuwa wameshapata habari, na mmoja akaniita "mama mkwe" kwa sauti, wenzake wakaangua kicheko. Mama alizikunja zile noti akazirudisha kwenye fundo la kanga, na tulitembea hadi nyumbani bila kusema neno.

Hapa Dallas nilianza darasa la jioni la watu wazima nikiwa na miaka 34. Nilikaa karibu na babu mmoja kutoka Mexico ambaye alikuja na rangi ya kazi mikononi, na hakuna aliyetuuliza tulichelewa wapi. Nilifanya mtihani wa GED, unaompa mtu mzima cheti cha kulingana na cha sekondari, ambao ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokatiza masomo kwa sababu ya vita: hisabati, sayansi, taaluma ya jamii na lugha, kila somo likihitaji alama 145 kati ya 200. Hisabati ilinishinda mara ya kwanza. Mara ya pili nikapita.

Najua mtakachosema. Mtasema ameshiba Marekani, sasa anatutukana. Sijashiba, na Marekani si pepo. Huku watoto hufundishwa kujificha darasani wasije wakapigwa risasi, jambo ambalo mtoto wa Malaba hajawahi kuliwaza. Wala sisi si watu wa kudharauliwa katika elimu. Uganda ilifuta karo ya msingi mwaka 1997, miaka sita kabla ya jirani zetu Wakenya, na madarasa yakajaa hadi chini ya miembe. Mwaka 2004, kule Eldoret, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na Afrika Mashariki nzima ilimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Basi niambieni, kwa nini babu wa miaka 84 tumshangilie, na msichana wa miaka 19 tumzomee? Nadhani ni kwa sababu babu hamkumbushi mtu yeyote kosa lake. Msichana mwenye mtoto akiketi darasani, tunalazimika kumkumbuka na aliyempa mtoto huyo, ambaye mara nyingi tunamjua na tunamsalimia kila siku.

Mtanijibu kwamba sheria imebadilika. Ni kweli, mwongozo wa serikali ya Uganda wa mwaka 2020 unamruhusu msichana arudi baada ya kujifungua, na nilifurahi sana, hasa shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya kufungwa karibu miaka miwili na wasichana wengi wakawa tayari wana watoto. Lakini mwongozo hauwezi kuwanyamazisha wanaofagia uwanja. Hauwezi hata kumnyamazisha mjomba wangu, mtu ninayempenda na kumheshimu, ambaye juzi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akisema mdogo wangu, mwenye miaka 22 na mtoto mmoja, asirudi kidato cha tatu kutuaibisha, bali nimnunulie cherehani. Shikamoo mjomba. Cherehani ni kazi ya heshima, lakini yeye hakuomba cherehani.

Karo ya muhula nimeshatuma. Sketi ya sare ya kumtosha haikupatikana dukani, wanazo za watoto tu, kwa hiyo fundi wa pale sokoni amempima na kumkatia kitambaa. Alimuuliza ni ya nani. Mdogo wangu anasema alimjibu, "Ni yangu," na fundi akaendelea kukata.