Bukini: msaada umfuate mtoto au mama yake?

Mwaka 1989 padri Pedro Opeka, Muargentina mwenye wazazi wa Kislovenia, alifika kwenye jaa la Andralanitra, nje kidogo ya Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, akakuta watoto wanagombania mabaki ya chakula na wanyama. Hapo ndipo ilipoanzia Akamasoa, yaani "marafiki wema" kwa Kimalagasi. Leo ni vijiji vyenye nyumba zaidi ya 3,000, zahanati, na shule zenye watoto zaidi ya 10,000. Papa Francis alifika huko Septemba 2019.

Wanaosema misaada haijamsaidia mtu Madagaska (Bukini ya wazee wetu wa pwani) wana kazi ya kuieleza Akamasoa. Ila na wanaoisifu mara nyingi husifu kitu kingine. Opeka hakuanza na mtoto, alianza na wazazi: aliyetaka nyumba alipewa kazi ya kuchonga mawe, kuponda kokoto au kujenga. Mtoto alitoka jaani kwa sababu mama yake sasa ana ujira, hata kama ni kiduchu.

Sehemu kubwa ya ufadhili unaochangishwa Ulaya na Marekani hupita njia tofauti. Mtoto mmoja, picha moja, mfadhili mmoja, barua ya shukrani kila mwaka. Ada inalipwa, sare inashonwa, na jioni mtoto anarudi kwenye nyumba ileile ambayo sufuria halijainjikwa. Mdogo wake ambaye hakupigwa picha anabaki kuutazama mkoba mpya.

Hata hivyo nisiwaonee. Fedha ya mfadhili wa namna hii haikatiki serikali zinapogombana. Mwaka 2009, Marc Ravalomanana alipoondolewa madarakani na Andry Rajoelina akashika nchi, wahisani wakubwa walisimamisha sehemu kubwa ya misaada yao. Kuanzia Januari 2010 Marekani ikaitoa Madagaska kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, viwanda vya nguo vikafunga milango, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Adhabu ya wanasiasa ikaliwa na watoto wa washonaji. Kwa familia iliyokuwa na ada ya mtoto mmoja kutoka kwa mzee fulani wa Ufaransa, huo ulikuwa msaada pekee uliosalia.

Akamasoa nayo ina maswali yake. Anayepita Kunduchi, Dar es Salaam, anajua kuponda kokoto juani ni kazi ya namna gani. Kuiita ukombozi kunahitaji moyo. Ujira wenyewe bado unategemea michango ya nje. Na Opeka, mzaliwa wa 1948, amefanya kwa miaka zaidi ya 30 kazi ambayo serikali moja baada ya nyingine ilipaswa kuifanya, nazo zikaridhika.

Ipo njia ya tatu. Kusini, katika mkoa wa Androy wenye ukame, mpango wa Fiavota uliwapa akina mama wenye watoto wadogo fedha taslimu, kwa mtindo ambao Mtanzania ataufananisha na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Mama anaamua mwenyewe: mahindi, dawa au mbuzi. Mimi naipenda zaidi hii, ingawa fedha zake nazo zilitoka kwa Benki ya Dunia na UNICEF, na ingawa njaa ikifika kiwango cha mwaka 2021, watu zaidi ya milioni moja wakihitaji chakula huko kusini, noti mkononi haina maana kama soko ni tupu. Hapo magunia lazima yaje kwanza.

Kinachoikwamisha njia hii si ukosefu wa ushahidi, ni picha. Mama wa miaka 35 hachangishi fedha kama mtoto mwenye macho makubwa. Basi mashirika yaendelee na picha ya mtoto, lakini nusu ya fedha apelekewe mama, na barua ya mwaka ujao iandikwe na yeye.