Liko Njiani

Jamani, mimi sina ugomvi na mabasi ya mwendokasi. Nalisema mapema kwa sababu Dar es Salaam ukilalamika kidogo tu kuhusu basi, lazima atokee mtu akuulize kwani unataka turudishiwe vipanya. Sitaki vipanya. Nimevipanda, nimekunjwa humo mpaka magoti yakafahamiana na masikio. Ninachotaka ni kitu kidogo mno. Niambiwe basi liko wapi.

Hilo tu. Siombi kiti. Kiti ni cha wajawazito, wazee, na wale vijana wanaoshikwa na usingizi wa ghafla kila mzee anapoingia. Siombi kiyoyozi. Naomba habari.

Maana sasa hivi ukimuuliza yeyote kituoni, mwenye sare au mwenye ndala, jibu ni lilelile: "Liko njiani." Na mtu mzima mwenye akili zake anajibu, "Asante ndugu yangu." Asante ya nini? Kila basi liko njiani! Njia yenyewe ina kilomita 21, Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na mikono yake miwili, wa Morocco na wa Gerezani. Basi lililoko Kisutu liko njiani. Lililoko Manzese liko njiani. Lile lililozimika Shekilango, dereva ameshuka anatafuna karanga, nalo liko njiani, tena kuliko yote, maana haliondoki njiani.

Siku moja bosi aliniuliza ripoti yake iko wapi. Nikamwambia iko njiani. Yule baba alininyanyukia nusura nipewe barua. Nikajiuliza, kumbe hili jibu linaudhi? Mbona mimi napewa kila siku na nalipia nauli juu?

Kungoja kwenyewe hakunisumbui. Sisi ni watu wa kungoja. Tumengoja maji ya bomba, tumengoja umeme, wengine tumengoja mahari ipunguzwe mpaka binti akaolewa na asiyengoja. Lakini niambie ni dakika 25. Nikishajua ni 25 nina shughuli za kufanya: naagiza chai ya rangi na chapati kwa mama ntilie, nampigia anayenidai nimdanganye kwa utulivu, nasafisha viatu. Usiponiambia, dakika 10 tu zinanimaliza. Siwezi kuondoka, siwezi kukaa, na kukohoa nakohoa kidogo kidogo nisije nikapoteza nafasi yangu pale mlango unapokadiriwa kufungukia. Watu wa Barabara ya Morogoro mtatujua hata ukumbini kwenye harusi. Bwana harusi anaingia kwa mlango wa kulia, sisi shingo zimeelekea Kimara.

Enzi za daladala, mnisamehe, habari ilikuwepo. Ilikuwa inaitwa mpiga debe. Yule jamaa mwenye sauti iliyokwaruzika na fulana ya kampeni ya mwaka ambao hata mgombea ameusahau, alikuwa anajua kila kitu. "Panda hii mzee, ya nyuma imekamatwa na trafiki Magomeni!" "Posta siti mbili, mbili tu!" Ukiingia unakuta siti mbili ni kweli zipo, ila zina watu wanne. Alidanganya, ndiyo. Lakini katikati ya uongo wake mambo ya msingi yalikuwa kweli: gari lipo, linakwenda Posta, na lina nia ya kuondoka. Leo nikipewa nusu ya ukweli ule nitalia.

Tukamwondoa mpiga debe, tukajenga vituo. Na vituo ni vizuri, tusikufuru. Unalipa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja, mzee haparamii ngazi, basi lina njia yake katikati ya barabara huku wenye magari yao madogo wakitazamana na taa za breki. Akili hiyo ya njia ilianzia Curitiba kule Brazili, mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa msanifu majengo. Mji hauna hela ya kuchimba treni chini ya ardhi? Basi lipe basi barabara yake, liende kama treni. Bogotá ya Kolombia ikaichukua mwaka 2000 na kuiongezea ukubwa. Sisi tukaanza tarehe 10 Mei 2016, nauli ya njia kuu 650, mabasi 140, watu wanapiga picha ndani ya basi na kuzituma mikoani. Mwaka 2018 jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Niliifurahia hiyo tuzo. Shida yangu ni kwamba hakuna aliyeniambia ingepita saa ngapi kituoni kwetu.

Sasa njooni kwenye lile jambo linalonitoa machozi. Kituo kinakaa bila basi mpaka watu wanaanza kuulizana makabila. Halafu yanakuja matatu. Yamefuatana! Nilikuwa nadhani madereva wanafanyiana ushirikina, mpaka kijana mmoja wa chuo, tulibanwa pamoja kwenye nguzo hata nikajua alikunywa dawa gani ya kikohozi, akanieleza. Basi la kwanza likichelewa kidogo, linakuta vituoni watu wengi kuliko kawaida. Watu wengi, milango inachelewa kufungwa. Milango ikichelewa, basi linazidi kuchelewa, na kituo kinachofuata watu wameongezeka tena. La nyuma yake linakuta vituo vitupu, linateleza tu, linalifikia la mbele. Hakuna mchawi. Ni hesabu.

Lakini uchungu hauko hapo. Uchungu ni kwamba sisi wote tunajisukumia kwenye lile la kwanza. Sisi hatujui kama la pili lipo! Tunaingia na mabegi, na ndoo za samaki wa feri, na mama mmoja na godoro lililokunjwa. Mimi uso wangu umegandishwa kwenye kioo, pua imehamia shavuni, na kwa jicho lililobaki huru naona basi la tatu linapita pembeni yetu. Tupu. Dereva na redio yake. Mtu mmoja kakaa nyuma kabisa amenyoosha miguu, na akanipungia mkono.

Kibao kimoja pale juu kingeandika: la kwanza limejaa, la pili baada ya dakika 2, la tatu baada ya 3. Nani angesukumana? Ningempisha mama na godoro lake kwa heshima zote, hata ningemshikia upande mmoja. Ustaarabu wetu haujapotea, watu wangu, hauna taarifa tu.

Kwa kukosa hiyo taarifa tumebuni sayansi zetu. Ipo ya kugeuza. Asubuhi badala ya kwenda mjini unapanda la kwenda Kimara, unafika nalo mwisho, ugeuke nalo ukiwa umekaa. Kwa maneno mengine, mtu anaikimbia kazi yake kwa kilomita kadhaa ili aifikie amekaa. Sayansi nzuri, ila kituo kizima kinaijua, kwa hiyo la kwenda Kimara nalo linajaa wanaogeuza, na likifika mwisho sauti inatoka: "Shukeni wote!" Hapo utaona wanaume wa makamo wanaangalia dari wakijifanya ni sehemu ya basi.

Na msiniambie teknolojia ni ngumu. London walianza kutundika vibao vya dakika kwenye vituo vya mabasi mwaka 1992. Elfu moja mia tisa tisini na mbili! Mwaka huo sisi tunarudisha vyama vingi. Vyama tumevipata, na vimekuwa vingi kweli, dakika ndiyo bado. Nairobi matatu hata ratiba hazina, lakini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizipanda na simu mikononi, simu zikawa zinaandika njia na vituo, na 2014 ikatoka ramani ya matatu za mji mzima, imechorwa kwa rangi kama ya treni za Ulaya. Matatu! Gari ambalo dereva mwenyewe huwa hajaamua atapita wapi.

Kifaa chenyewe ni kidogo. Kinafungwa kwenye basi, kinapokea setilaiti, kila baada ya sekunde kadhaa kinasema "niko hapa, niko hapa". Kompyuta inapiga hesabu, kibao kinaandika dakika. Simu yangu ya mkopo ina uwezo huo huo. Mama watoto anajua nilipo hata nikiwa sitaki ajue. Nikikata kona kuelekea kwa jamaa wa kitimoto, ujumbe unaingia: "Mbona umesimama?" Yaani mimi, mwanamume wa kilo 62, nafuatiliwa kutoka angani. Basi lenye urefu wa mita 18, rangi ya bluu, watu zaidi ya 100 ndani, limepotea.

Mahali fulani niliona skrini, sisemi wapi. Nikaikimbilia. Ilikuwa inaonyesha saa. Saa ninayo! Saa ndiyo inayoniua.

Wapo watakaosema ongezeni mabasi kwanza, vibao baadaye. Nakubali mabasi yaongezwe, mpango wa awamu ya kwanza wenyewe ulitaka 305. Nakubali pia ile njia yetu isafishwe, maana siku hizi bodaboda wanapita humo wakiwa na abiria, kuku na mlango wa kabati, na magari fulani yenye vioo vyeusi yanapita yakiwa na haraka ambayo haihitaji maelezo. Lakini kibao hakisubiri basi lizaliwe. Mabasi yakiwa machache ndiyo kabisa nahitaji kujua hayo machache yako wapi. Mwenye sufuria kubwa hahesabu minofu.

Halafu ije mvua. Hapo Jangwani mto Msimbazi ukiamua, barabara inafungwa na ubishi unaisha. Sitamlaumu mtu kwa mvua. Nalaumu muda wa kuambiwa. Unatoka nyumbani na mwavuli, unabanana tangu Ubungo, unafika Magomeni Mapipa, ndipo tangazo linakuja: "Abiria wa mjini mshuke hapa, Jangwani hakupitiki." Hilo tangazo lingenifikia kitandani ningeligeukia upande wa pili nikalilalia. Badala yake nalipokea nikiwa na kiatu kimoja kimelowa na kingine kinasubiri zamu. Na jirani yangu fundi cherehani, ambaye hakwenda popote siku hiyo, ananiambia jioni eti ilitangazwa redioni tangu alfajiri. Redio gani? Hakumbuki.

Basi, sisi abiria wa kituo chetu tukaamua kujitegemea. Tukafungua kundi la WhatsApp. Kazi yake ni moja: aliyeona basi aseme. Mwanzo lilikwenda vizuri. "Limetoka Kimara, limejaa nusu." "Limepita Bucha." Raha mustarehe, mtu unakunywa chai nyumbani huku unalisoma basi linavyosogea. Kisha dua zikaanza, na matangazo ya viwanja vya Chanika, na picha za maua za asubuhi njema, ukitafuta basi unalikuta katikati ya mistari ya kitabu kitakatifu na sukari ya jumla. Na ndani ya kundi tulikuwa na nyoka. Kuna jamaa, mhasibu, mtu wa tai, kila asubuhi anaandika: "Msije, limeharibika Korogwe ya hapa Kimara, hakuna matumaini." Sisi tunatawanyika, huyu anakwenda bodaboda, yule bajaji, na yeye anabaki peke yake kituoni anapanda na kuchagua kiti. Alikamatwa kwa sababu alijipiga picha amekaa dirishani, akaiweka kwenye status.

Baada ya kumtoa, kikao kikafikia uamuzi: tuwe na chanzo kimoja cha habari, cha kuaminika. Tukamteua bibi mmoja anayekaanga vitumbua Korogwe, kandokando ya barabara. Yupo pale tangu kabla jogoo hawajaamka, anayaona mabasi yote yanayotoka Kimara, na hana anakokwenda, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Malipo yake ni vocha, tunachangishana kila Jumatatu.

Na niwaambie, bibi ni moto. Hakuna satelaiti ya kumfikia. Anaandika: "Limepita moja, watu wamening'inia ndani, msijisumbue. La pili linakuja, la wastani. Dereva ni yule mpole." Mpaka tabia ya dereva! Siku nyingine anaongeza hali ya hewa na bei ya unga. Wafanyakazi wa ofisini wote siku hizi tunakwenda kwa saa za bibi, na nasikia vituo viwili vya jirani vimemtumia watu wamshawishi kwa dau kubwa zaidi.

Wiki hii mtunza hazina wetu kasafiri kwenda msibani Tanga na mchango wote, hapokei simu. Leo asubuhi tumesimama kituoni umati mzima, kimya, simu mkononi, tunasubiri taarifa. Mtu mmoja akapata ujasiri, akaandika: "Shikamoo bibi. Basi liko wapi?"

Akajibu: "Marahaba. Vocha yangu iko wapi?"

Tukatazamana. Msimamizi wa kundi akakuna kichwa, akaandika: "Iko njiani, bibi."

Ujumbe ukaingia hapohapo: "Basi na basi lenu liko huko huko."