Kariakoo: jina la kufuta au la kuacha?

Muulize mtu wa Dar es Salaam Kariakoo maana yake nini, atakujibu "sokoni". Si kosa lake. Jina limekaa mdomoni zaidi ya miaka mia hata halisikiki tena kuwa lilitoka kwenye Kiingereza: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao wakapiga kambi hapo. Nairobi nako, kambi ya namna hiyo ikazaa Kariokor.

Wapo wanaoona jina hili ni doa, na hoja yao si nyepesi. Wapagazi wengi hawakujitolea. Walichukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na magunia ya unga porini, wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Waliokufa upande wa Uingereza peke yake wanakadiriwa kupita 90,000. Kwa nini basi mtaa ubebe jina la kikosi kilichowamaliza?

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Mkoloni hakutuachia "Kariakoo". Yeye alisema Carrier Corps. Wenyeji ndio waliolitafuna mpaka likawa lao. Linganisha na majina yanayopangwa ofisini. Barabara ya Samora ilianza na jina la Kijerumani la migunga, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, uhuru ukaleta Independence Avenue, kisha Samora. Kila utawala na kibao chake. Kariakoo, tangu ipate jina, imepita utawala wa Waingereza na uhuru bila kubadilishwa.

Tena ni kwenye Samora hiyo hiyo ilipo Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Juu amesimama mwenye bunduki. Mpagazi, aliyekuwa miguu na mikono ya jeshi, anatajwa kwenye maandishi ya chini. (Nairobi angalau alichongewa sanamu yake, pembeni ya askari.) Kwa Dar, ukumbusho wake mkubwa ni hilo jina.

Ila ukumbusho usioeleweka ni bubu, na hapo nawapa haki wanaolalamika. Mtoto anayezaliwa Mtaa wa Kongo, hapo hapo Kariakoo, leo atajuaje? Kwangu, maneno machache kuhusu kambi ile, yakaandikwa langoni mwa soko pale wachukuzi wa leo wanapopita na viroba mgongoni, yangefaa kuliko jina jipya. Konda aendelee kuita Kariakoo.