Kunguru wa Poe: kilio cha mfiwa au kazi ya fundi?

Shaaban Robert alipomwomboleza Amina hakutuachia fumbo. Amina alikuwa mkewe, akafariki, na mshairi mwenyewe akatusimulia katika Maisha Yangu. Nadhani ndiyo sababu hapa Mbeya wapenzi wa ushairi wanapolifikia shairi la Kunguru la Mmarekani Edgar Allan Poe, wengi hupita njia ileile: mwanamume anakesha usiku wa Desemba akimlilia Lenore aliyekufa, Poe naye alifiwa na mkewe Virginia, basi Lenore ni Virginia.

Tarehe zinakataa. Kunguru lilichapishwa New York mwezi Januari 1845. Virginia alifariki tarehe 30 Januari 1847.

Wa upande wa pili wana hoja nzito zaidi. Mwaka 1846 Poe aliandika insha akidai alilijenga shairi hilo hatua kwa hatua, kama mtu anayekokotoa hesabu. Alipanga urefu wa mistari kama 100 (ikawa 108), akatafuta kibwagizo cha neno moja, akamfikiria kasuku wa kulitamka kabla ya kunguru, ndipo akaamua mada iwe kifo cha mwanamke mzuri. Hata jina la Lenore alikwisha kulitumia katika shairi la mwaka 1843. Hapa pana fundi, wanasema, hapana mfiwa.

Hoja hiyo hainitoshi. Insha ilikuja baada ya shairi kupata umaarufu, na Poe, mhakiki kwa kazi yake, alikuwa na kila sababu ya kuionyesha akili yake kuliko moyo wake. Tena, tukiiamini yote, ufundi haufuti uchungu. Kwenye misiba ya Wanyakyusa, kule Rungwe na Kyela, kilio na ngoma vina utaratibu wa tangu zamani, na hakuna anayesema kwamba mama anayelia kwa kufuata utaratibu huo haumii.

Lakini kinachonishawishi hasa ni barua ya Poe ya Januari 1848. Mwaka 1842 Virginia alikuwa akiimba, mshipa ukapasuka, damu zikamtoka. Kilikuwa kifua kikuu. Poe anasimulia kwamba alimuaga akijua ndiyo mwisho. Mke akapata nafuu, mume akatumaini. Mshipa ukapasuka tena, na tena, na kila mara akaonja uchungu wote wa kufiwa. Alipoandika Kunguru, basi, alikuwa bado anauguza, na alikwisha kufiwa mara kadhaa na mtu aliye hai.

Huku nyanda za juu kusini tunalifahamu jambo hilo. Kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijatufikia, nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya zilianza kuomboleza mgonjwa angali anakunywa uji. Aliyeuguza hivyo huuliza anachokijua: Atapona? Ataiona Krismasi? Mtu wa shairini naye anajua kwamba kunguru aliyeingia chumbani mwake hujibu kila swali kwa neno moja tu, la kukana, na bado anamuuliza, tena anachagua maswali yatakayomchoma zaidi. Insha ya Poe inakiri kuwa huko ni kujitesa kwa makusudi. Haisemi mwandishi alijifunzia wapi.

Hata hivyo shairi halitaji ugonjwa, na Lenore amekwisha kufa. Kwa hiyo nisingempa alama mwanafunzi anayeandika tu kwamba Lenore ni Virginia. Ningemtaka aisome insha ya 1846 pamoja na barua ya 1848, kisha anieleze kwa nini fundi huyu, aliyekuwa huru kuchagua mada yoyote, alichagua hiyo wakati mkewe akikohoa damu.