Bartók, santuri za alumini na miguu isiyosikika

Machi 1941, mwezi aliotimiza miaka 60, Béla Bartók alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hakuajiriwa kutunga muziki wala kufundisha utunzi. Aliajiriwa kusikiliza. Aliwekewa santuri za alumini zilizorekodiwa Yugoslavia, na mtunzi huyu aliyekwisha kujulikana dunia nzima akawa anaweka sindano, anasikiliza sekunde chache, anainua sindano, anaandika noti, kisha anairudisha palepale. Mshahara ulikuwa dola 3,000 kwa mwaka.

Habari hii imenikaa moyoni kwa sababu inanihusu. Huu ni mwaka wangu wa nane Ujerumani, na jioni zangu nyingi huishia kwenye kuandika noti za nyimbo za kwetu Usambara kutokana na rekodi ninazotumiwa na ndugu. Nikienda nyumbani hupokewa na kauli mbili. Wapo wanaoniambia: bora wewe uliye huko, una vifaa na utulivu, utatuhifadhia haya tunayoyaacha yapotee. Na wapo wasemao kwamba ngoma haisomwi mtu akiwa kitini Ulaya, kwamba ninachokisoma ni maiti ya ngoma. Kila kauli ina wenyewe, na maisha ya Bartók yanazipa zote mbili ushahidi.

Bartók alizaliwa Hungaria mwaka 1881. Kuanzia 1906, yeye na mwenzake Zoltán Kodály walizunguka vijijini na mashine ya fonografu, ile ya silinda za nta, wakiwaomba wakulima wawaimbie. Hakuishia kwa Wahungari. Alikwenda kwa Waslovaki na Waromania, akajifunza lugha zao, na mwaka 1913 akafika Biskra, Algeria, kurekodi Waarabu. Kazi hiyo ya vijijini ilikatika karibu yote vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na vijiji alivyokuwa akilala vikawa ndani ya Romania na Chekoslovakia. Hata mji aliozaliwa ukawa wa Romania. Kwa maana hiyo Bartók aligeuzwa mgeni katika vijiji vyake miaka 20 kabla ya kupanda meli kwenda Marekani, naye hakuwa amehama nchi.

Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938, Bartók alianza kuitoa miswada yake nje. Mama yake akafariki Desemba 1939. Oktoba 1940, yeye na mkewe Ditta waliondoka Budapest. Aliacha wosia kwamba pasiwepo mtaa utakaoitwa kwa jina lake maadamu Budapest ina viwanja vyenye majina ya Hitler na Mussolini. Naitaja habari hiyo ili msomaji asimdhanie mtu aliyefuata maslahi. Alikimbia jambo asiloweza kuishi nalo.

Sasa zile santuri. Zilirekodiwa na Milman Parry, mwanazuoni wa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kati ya 1933 na 1935. Parry alitaka kuelewa jinsi mshairi asiyejua kuandika anavyoweza kutunga utenzi mrefu huku anaimba, swali ambalo watu wa pwani yetu, penye tenzi za kuandikwa na za kughani, wanaona mara moja uzito wake. Alirudi na santuri zaidi ya 3,500, akafa mwaka uleule wa 1935. Katikati ya tenzi hizo zilikuwamo nyimbo za wanawake, nyingi zikitoka mji wa Gacko, Herzegovina, sehemu ya Yugoslavia ya wakati ule. Bartók alichagua 75 na kuziandika noti. Albert Lord, msaidizi wa Parry, alishughulikia maneno, na kitabu kikatoka mwaka 1951.

Umbali ulimpa nini? Zaidi ya tunavyopenda kukiri sisi tunaosifu kijiji.

Ulimpa kwanza wanawake wenyewe. Novemba 1936 Bartók alikuwa Uturuki, vijijini kuzunguka Adana, akifuatana na mtunzi Ahmet Adnan Saygun. Alijionea kwamba wanawake wengi hawakukubali kuimba mbele ya wanaume wageni. Alikuwa pale pale, vumbi la njia kwenye viatu vyake, na mlango umefungwa. Miaka mitano baadaye, upande wa pili wa bahari, akasikia wanawake Waislamu wa Herzegovina wakiimba wimbo baada ya wimbo, na akaweza kuwarudia mara 100 bila kumchosha mtu. Kwa hiyo kuwapo mahali hakumfungulii mgeni kila kitu. Wakati mwingine rekodi hufika pale ambapo nafsi yako ingezuiwa, na kwa haki.

Ulimpa pia wasaa. Ukiipunguza santuri mwendo, sauti iliyokuwa imenyooka inaonyesha mitetemo na vijinoti vidogo vidogo ambavyo sikio la kawaida linaviruka. Noti zake za nyimbo hizo zimejaa alama hizo, nyingine ni ndogo kama mchanga. Kazi ya aina hiyo haifanyiki kibarazani watoto wakicheza na mwenye nyumba akikuletea chai.

La tatu ni uhuru. Mwaka 1920 wazalendo wa Hungaria walimshambulia kwa kuandika juu ya nyimbo za Waromania, wakiona anawapa maadui silaha. New York hakukuwa na mtu wa kumwambia nyimbo za nani aziache. Mwaka 1942 alichapisha makala akieleza kwamba muziki wa vijijini hutajirika kwa kupokeana, kwamba wimbo ukivuka mpaka wa lugha na kurudi hurudi na sura mpya, na kwamba huko kuchanganyika ndiko chanzo cha utajiri wa nyimbo za Ulaya Mashariki. Kuyasema hayo mwaka ule, watu wakiuawa kwa hoja ya usafi wa damu, kulihitaji moyo, na kulihitaji pia mahali salama pa kusemea.

Pamoja na hayo, upande wa pili una hoja ambayo mimi nimeionja.

Mwaka jana binamu yangu alinitumia rekodi ya simu, sekunde 40 tu, akina mama wakimwimbia bibi harusi. Niliikalia siku tatu. Mpigo wa kwanza niliuweka pale kiongozi wa wimbo anapoanza neno. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa mahali pamoja kabla ya kiitikio, palipokuwa na pengo la mapigo mawili nisiloona kazi yake. Nikaandika kwamba mwimbaji anavuta pumzi. Halafu nikampigia shangazi Lushoto, nikamwimbia kama nilivyoandika. Akanikatiza: "Mwanangu, mbona unaimba kama mtu aliyekaa?" Nikasikia kiti kikiburuzwa. Akaimba huku anakanyaga sakafu. Mpigo wa kwanza ulikuwa wa mguu, na neno linaingia nyuma ya mguu. Lile pengo nalo halikuwa la pumzi: ndipo wanawake wote wanapogeuka kumwelekea bibi harusi, wakikanyaga mara mbili pasipo mtu kutoa sauti. Siku ile walicheza kwenye nyasi, na simu haikunasa kitu.

Yaani niliandika noti sahihi za kila kilichosikika, na wimbo wenyewe nikaukosa.

Bartók alilijua jambo hili kuliko mimi. Alisisitiza maisha yake yote kwamba mtunzi anayetaka nguvu ya muziki wa wakulima hapaswi kuuchukua vitabuni au makumbusho. Aende aukute unaishi, aone nyuso, michezo, harusi na misiba yake. Ndiyo maana kazi yake ya Columbia inastahili kuaminiwa: aliposikia sauti ya mwanamke wa Gacko alikuwa amekwisha kukaa kwenye majiko ya vijiji vya jirani kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 1912 alirekodi nyimbo chache za Waserbia yeye mwenyewe. Alijua kwa uzoefu wa mwili nini kinaweza kuwa kimebaki nje ya santuri. Mtu anayeanza na santuri, kama nilivyoanza mimi kwa wimbo ule, hana hata pa kushuku.

Kuna na gharama ya mwili na ya kazi. Tangu kwateti yake ya sita ya nyuzi, muziki wa wapigaji wanne, aliyoimaliza 1939, hadi majira ya joto ya 1943, Bartók hakutunga kazi mpya kubwa. Wanaolaumu husema zile noti za nyimbo 75 za wanawake zilikula miaka ya mwisho ya mtunzi mkubwa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nafasi ya Columbia ilimalizika mwishoni mwa 1942. Mapema 1943 alianguka katikati ya mihadhara yake Harvard, uzito wake umeshuka hadi kilo 40 hivi. Alikuwa na saratani ya damu. Ndipo kondakta Serge Koussevitzky akamletea hospitalini kazi ya kutunga, ya dola 1,000, na kati ya Agosti na Oktoba mwaka ule, akiwa mjini Saranac Lake, jimbo la New York, akaandika Konseto ya Okestra. Sehemu yake ya pili inawapitisha wapigaji wawili wawili, kila jozi ikitembea kwa umbali wake kati ya sauti na sauti, hadi tarumbeta mbili zinazobanana sauti kwa sauti jirani. Uimbaji wa watu wawili waliobanana namna hiyo upo pwani ya Dalmatia, Yugoslavia ya wakati ule, na wachambuzi wamekwisha kuvihusisha viwili hivyo. Kwangu mimi miaka ile haikuwa ya kimya. Alikuwa anashiba.

Kodály, kwa upande wake, alibaki Budapest. Aliivumilia vita na mzingiro wa mji, akabaki na kazi ya nyimbo za Hungaria waliyoianza pamoja. Mwaka 1950 katika mji wa Kecskemét, Hungaria, ikafunguliwa shule ya msingi ya kuimba kila siku kwa misingi yake, na mwaka 1951 juzuu la kwanza la mkusanyo mkubwa wa nyimbo za Hungaria likatoka. Watoto wa Hungaria walirudishiwa nyimbo za babu zao na yule aliyebaki. Ukiniuliza nani alifanya zaidi kwa nyimbo zenyewe, nitamtaja Kodály bila kusita. Kwa ujuzi wa jinsi nyimbo za mataifa zinavyoingiliana, ni Bartók.

Na sisi? Mwaka 1906, mwaka uleule wa safari za kwanza za Bartók na fonografu, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuwa kusini mwa Tanzania ya leo, Masasi hadi Newala, akirekodi Wamakonde, Wayao na wapagazi wa Kinyamwezi kwenye silinda za nta. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijazimika. Rekodi hizo zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Weule alitegemea wakalimani na hakuwa na miaka ya majikoni. Leo Mmakonde anayeishi Berlin yuko karibu na sauti ya babu ya babu yake kuliko ndugu zake wa Newala. Hapo ndipo naona umbali unageuka kuwa wajibu. Aliye karibu na silinda asikilize, aandike, anakili. Kisha aipeleke Newala aiweke mbele ya wazee, akae kimya wakati wao wanamwonyesha ni wapi miguu ilikuwa inakanyaga. Asipoipeleka, wale wanaosema anasoma maiti nitawaunga mkono.

Karatasi ya wimbo wa bibi harusi nimeiandika upya. Mapigo mawili yale nimeyaacha matupu, juu yake nimechora alama ya mguu. Desemba nakwenda Lushoto. Shangazi ameniomba siku ya kwanza nisiandike chochote.