Hakumpiga hata siku moja

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Nilikuwa nimemshika yule mbwa kichwa ili daktari wa mifugo apate kumwangalia shingo, na mnyororo wenyewe sikuuona. Uliingia chini ya ngozi upande mmoja ukatokezea kisogoni, na katikati nyama ilishaota juu yake. Alifungwa akiwa mtoto. Yeye akakua, mnyororo ukabaki ulivyo. Kabla sindano ya usingizi haijamlevya alikuwa akinilamba kiganja, kisha akalegea, daktari akaanza kukata pingili moja moja kwa koleo huku akiosha usaha na kuokota funza.

Mwenye mbwa alisimama kando, uso umemshuka. Akasema, "Mimi sijawahi kumpiga hata siku moja."

Namwamini. Ndiyo maana kila ninaposikia mjadala wa sheria za kuwalinda wanyama dhidi ya ukatili, namkumbuka mtu huyu ambaye hakuwahi kuinua mkono.

Sheria nyingi za mwanzo zilimwona mkatili kuwa mtu mwenye fimbo. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosukumwa na mbunge Richard Martin, ya kuwaadhibu waliowapiga na kuwatesa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, na Martin alichekwa sana kwa ajili yake. Inasimuliwa kwamba siku moja alimleta punda mwenyewe mbele ya hakimu ili majeraha yaonekane kwa macho. Lakini mbwa hakuwemo katika orodha, wala paka. Ilibidi kungoja hadi 1835 mbwa atajwe, sheria mpya ilipopiga pia marufuku kuwachokoza fahali na dubu kwa mbwa ili watu watazame.

Ufaransa nayo ilipata sheria yake mwaka 1850, na hiyo huniumiza zaidi nikiisoma. Iliadhibu ukatili kwa wanyama wa kufugwa uliofanywa hadharani. Hadharani tu. Ukimpiga farasi barabarani una kosa, ukimpiga nyuma ya mlango wa zizi huna. Kilicholindwa pale ni macho ya wapita njia, maana maumivu ya farasi ni yaleyale kokote anakopigiwa. Sharti hilo lilikaa hadi 1959.

Halafu kuna swali la nani hasa analindwa. Sheria ya Uingereza ya 1911, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliiga mawazo yake, iliwalinda wanyama wa kufugwa na wale walio kifungoni. Ni maneno mepesi mpaka yafike mahakamani. Katika kesi moja ya mwaka 1964, ayala dume aliyekuwa akiwindwa aliteleza akaingia chini ya gari, wawindaji wakamvuta nje, wakamburuta hadi mahali palipozungushiwa ua, wakamchinja. Je, alikuwa kifungoni? Majaji walisema hapana: kushindwa kukimbia kwa muda mfupi si kifungo. Kwa hiyo sheria haikumhusu. Ilichukua hadi 1996 wanyama pori wanyonyeshao kupata sheria yao ya kuwakinga na mateso ya namna hiyo.

Hata hivyo, sidhani waliochagua maneno yale mawili walikosea msingi. Mnyama wa porini akishikwa na kiu hutafuta mto. Akiumwa na jua hutafuta kivuli. Sisi tukimtia mnyama kamba au kizimba tunamnyang'anya mto na kivuli kwa mara moja, na kuanzia dakika hiyo kila anachohitaji kiko mikononi mwetu. Deni linazaliwa hapo, kwenye kufuli na kwenye fundo la kamba. Kasuku aliye peke yake kwenye tundu anayejinyonyoa manyoya hadi kifua kinabaki ngozi tupu hajapigwa na mtu, wala yule mbwa.

Kwa sababu hiyo naona mabadiliko makubwa kuliko yote ni yale ambayo watu wengi hawakuyatambua: sheria kuacha kuuliza "Nani kampiga?" na kuanza kuuliza "Nani anamtunza, na anamtunzaje?" Sheria ya Uingereza na Wales ya 2006 inamtaka mwenye mnyama ahakikishe mahitaji yake yametimizwa: mahali panapomfaa, chakula na maji, nafasi ya kuishi kwa tabia zake, kuwa na wenzake au kutengwa nao kulingana na aina yake, na kukingwa na maumivu na maradhi. Asipotimiza, ana kosa hata kama jeraha bado halijatokea. Tanzania iliiita sheria yake ya 2008 Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na neno ustawi limebeba mengi ambayo "kuzuia ukatili" haliyabebi. Uswisi imefika hadi kukataza kumfuga simbilisi akiwa peke yake, kwa kuwa ni mnyama wa kuishi na wenzake. Wapo wanaoicheka kanuni hiyo. Mimi naiheshimu.

Kuna wanaoniambia kwamba watu wenyewe wanateseka, mbwa wangoje. Hawa nawajibu kwa kisa cha New York cha mwaka 1874. Mtoto wa kike aitwaye Mary Ellen alikuwa akipigwa na kufungiwa ndani na walezi wake, na msamaria aliyehangaika kumtafutia msaada aliupata kwa Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Wakalifikisha shauri mahakamani, mtoto akaondolewa mikononi mwa watesi wake, na kutokana na kesi hiyo kikaanzishwa chama cha kuwalinda watoto. Jicho lililozoea kuona mateso ya farasi halikushindwa kuona ya mtoto.

Ninalolitaka sana ni mamlaka ya kumzuia mtu kufuga. Mahakama nyingi zina uwezo huo kisheria lakini faini ndiyo inayokimbiliwa. Uingereza ilipandisha kifungo cha juu kutoka miezi sita hadi miaka mitano mwaka 2021, na siipingi hatua hiyo, ila miaka mitano haimsaidii mnyama ambaye hakuna ofisa aliyewahi kufungua geti lake. Mnyama hana mdomo wa kushtaki. Kama hakuna mtu mwenye haki ya kuingia na kutazama mapema, kinachofika mahakamani ni mzoga.

Yule mbwa alipona, akachukuliwa na watu wengine. Miezi miwili baadaye mwenye mbwa alileta mtoto wa mbwa mwingine. Nilimwona akimvisha mnyororo na moyo ukanipasuka. Nilikwenda. Sikumgombeza. Nilimpa ukanda laini wa shingo na kumwonyesha kwamba vidole viwili lazima vipite kati ya ukanda na ngozi, na kwamba mbwa akikua ukanda hulegezwa. Alisikiliza kwa makini, akarudia mwenyewe kwa vidole vyake.

Kila Jumamosi napita kupima. Jumamosi iliyopita vidole vyote viwili vilipita.